Kabla ya Kuizima Seva

Mafundi wa mitandao ya ofisi wa miaka ya 1990 walikuwa na nyoka wao. Seva iliyoendeshwa kwa NetWare, mfumo wa kampuni ya Novell ya Utah, Marekani, ilipokaa bila mtu kugusa kibodi, kioo kilifunikwa na giza na nyoka akaanza kutambaa. Hakuwekwa pale kwa urembo. Kadiri prosesa ilivyobanwa na kazi ndivyo nyoka alivyorefuka na kuongeza mwendo, na katika matoleo ya baadaye kila prosesa ilikuwa na nyoka wake mwenye rangi yake. Fundi alipita mlangoni, akatupa jicho, akajua seva imeshindaje.

Nyoka yule amekwenda na zama zake. Nafasi yake imeshikwa na namba: asilimia ya matumizi ya prosesa, ambayo fundi huisoma kwenye programu ya top katika Linux au kwenye dirisha la Task Manager katika Windows. Ikiwa 15, watu wanatulia. Ikifika 98, simu zinaanza kuita. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki hatua zinazofuata zinajulikana. Seva inazimwa na kuwashwa upya. Tatizo likirudi wiki inayofuata inazimwa tena, na likirudi mara ya tatu linaandikwa dokezo sabili la kuomba fedha za mashine kubwa zaidi. Mwananchi aliye dirishani na fomu mkononi anapewa jibu lile lile mara zote tatu: mtandao unasumbua, rudi kesho.

Kuzima na kununua ni hatua za mwisho. Zinatangulizwa kwa sababu namba ile inasomwa kama hukumu, ilhali inapima kitu kimoja tu: katika sekunde chache zilizopita, ni sehemu gani ya muda ambayo prosesa haikukaa bure. Haisemi ilikuwa ikifanya nini, wala kwa ajili ya nani, wala kama kazi yenyewe ilikwisha. Mtu akiambiwa kwamba fundi cherehani hajainua kichwa tangu asubuhi, bado hajaambiwa lolote kuhusu nguo. Huenda fundi ameshona sare nyingi za shule. Huenda pia amekuwa akifumua na kushona upya kola ile ile moja.

Kola moja ya namna hiyo iliwahi kuangusha sehemu kubwa ya intaneti.

Ilikuwa Jumanne, 2 Julai 2019, saa 10:42 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Kampuni ya Cloudflare, ambayo mamilioni ya tovuti hupitia kwenye mitambo yake kabla ya kumfikia msomaji, ilituma kwenye seva zake duniani kote sheria mpya ya ngome inayochuja maombi yenye hila. Ilitumwa kwa majaribio tu, bila ruhusa ya kumzuia mtu yeyote. Punde si punde prosesa zilizokuwa zikihudumia tovuti zikagonga asilimia 100, kila bara kwa wakati mmoja. Data iliyokuwa ikipita kwenye mtandao wa kampuni hiyo ikashuka kwa hadi asilimia 82. Baadhi ya wahandisi walidhani wamevamiwa kwa shambulio la aina ambayo hawajapata kuiona.

Hapakuwa na adui. Ndani ya sheria ile mlikuwa na kipande kilichoiagiza kompyuta itafute herufi zozote, kisha herufi zozote tena, kisha alama ya sawasawa, kisha herufi zozote. Kwa jicho la binadamu agizo hilo halina uzito. Kompyuta, ikikosa alama inayoitafuta, hairuki kwenda mbele. Inarudi nyuma, inaugawa mstari kwa namna nyingine, inajaribu, inakosa, inarudi nyuma tena. Mstari ukirefuka mara mbili, majaribio huongezeka mara nne au zaidi. Prosesa zilikuwa zikichapa kazi kwa nguvu zote zilizojaliwa, na kurasa hazifunguki.

Namna wahandisi wale walivyojinasua ndiyo yenye funzo kubwa zaidi katika kisa hiki. Walichukua takwimu za prosesa kutoka kwenye mashine iliyokuwa imezidiwa wakati huo huo, wakatazama muda wake unaliwa na programu ipi. Jibu likatoka wazi: ni ngome. Saa 11:07 wakaizima ngome peke yake, duniani kote, na kufikia saa 11:09 prosesa zilikuwa zimetulia na data inapita kama kawaida. Tangu mwanzo hadi hapo ni dakika 27, na sehemu ya dakika hizo ilipotea kwa sababu mifumo yao ya ndani nayo ilipitia kwenye mitambo ile ile iliyokwama.

Taarifa ambayo kampuni yenyewe iliitoa baadaye ina jambo moja la kuuma. Kinga ambayo ingezuia sheria kama ile isile prosesa kupita kiasi ilikuwa imeondolewa kwa makosa wiki chache kabla, katika marekebisho yaliyokusudiwa kupunguza matumizi ya prosesa. Watu wenye ujuzi mkubwa, wakiikimbiza namba ishuke, waling'oa kizuizi kilichokuwa kikiilinda.

Stack Overflow, tovuti ambayo waandishi wa programu duniani huulizana maswali, ilikuwa imepatwa na jambo la jamii hiyo hiyo tarehe 20 Julai 2016. Mtu mmoja aliandika ujumbe uliokuwa na nafasi tupu zipatazo 20,000 zilizofuatana. Kipande cha programu kilichopewa kazi ya kupunguza nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari kikazihesabu, kikakosa, kikaanza kuhesabu kutoka nafasi ya pili, kisha ya tatu, hadi ukaguzi ukakaribia mara milioni 200 kwa ujumbe mmoja. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwenye ukurasa wa mbele. Mtambo wa kugawa wageni kati ya seva ulitumia ukurasa huo huo kupima kama seva ni nzima, kwa hiyo ukaziona zote mbovu na kuziondoa kazini. Dakika 34 za kukatika. Mashine mpya ya bei mbaya ingezihesabu zile nafasi kwa kasi kidogo zaidi, basi.

Kisha kuna usiku wa kuamkia Jumapili, 1 Julai 2012. Mzunguko wa dunia haulingani kikamilifu na saa za atomiki, kwa hiyo wataalamu wa muda huongeza sekunde moja pale inapohitajika. Usiku ule iliongezwa, kwa saa za Afrika Mashariki kabla tu ya saa tisa kamili. Seva nyingi za Linux zikaanza kuunguza prosesa bila kazi yoyote ya maana. Kasoro ilikuwa katika sehemu ya mfumo endeshi inayopanga kengele za muda: haikuarifiwa kwamba sekunde imeongezwa, ikawa mbele kwa sekunde moja nzima. Programu iliyosema iamshwe baada ya nusu sekunde iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena, bila kikomo. Reddit ilikwama. Mfumo wa Amadeus unaotumiwa na mashirika ya ndege uliyumba na abiria wa Qantas wakachelewa viwanjani Australia. Kampuni ya Hetzner ya Ujerumani, inayokodisha seva, iliwaarifu wateja wake kwamba matumizi ya umeme katika vituo vyake yalipanda kwa takribani megawati moja.

Megawati nzima ya kazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Dawa iliyosambaa ilikuwa amri moja fupi: kuiambia seva isome saa iliyonayo na kuiandika upya ile ile. Kuwasha upya kulisaidia pia, na hilo lisemwe kwa haki. Lakini aliyewasha upya bila kutazama alibaki na seva nzima na ujinga ule ule, na kwa mtu wa namna hiyo kila ajali hubaki kuwa mkosi.

Hapa ndipo ubaya wa kitufe cha kuzimia ulipo. Seva iliyobanwa ni shahidi aliye hai. Ndani yake mna orodha ya programu zinazokula muda, idadi ya maombi yaliyo kwenye foleni, swali la hifadhidata lililokaa dakika kumi bila kujibiwa, anwani inayotuma maombi kwa wingi usio wa kawaida. Sehemu kubwa ya ushahidi huo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na hupotea umeme unapokatwa. Fundi anayetumia dakika tano kuunakili kabla ya kuzima amefanya kazi ya siku nzima. Asiyefanya hivyo ameahirisha tatizo hadi siku litakapoamua kurudi, na mara nyingi hurudi mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, au asubuhi ya kutangazwa kwa matokeo ya mitihani.

Hata hivyo, zipo siku ambazo seva imezidiwa kweli. Kuzitambua kunahitaji hesabu ambayo chimbuko lake ni simu za mezani. Mwaka 1909 Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lililofungua elimu ya foleni. Kwa hesabu iliyokua kutoka hapo, chukua fundi cherehani mmoja ambaye kila mteja humchukua wastani wa dakika kumi, na wateja wanafika ovyo bila miadi. Akiwa na shughuli nusu ya muda wake, mteja wa kawaida atatoka baada ya dakika 20, kungoja na kushonewa kwa pamoja. Shughuli zikifika asilimia 80, mteja atatoka baada ya dakika 50. Kwa asilimia 90 ni dakika 100. Kwa asilimia 95 ni dakika 200.

Hatua ya mwisho ndiyo inayotisha: asilimia tano tu zimeongezeka, na muda wa mteja umekuwa maradufu. Ndiyo sababu mfumo unaweza kwenda vizuri mwaka mzima kisha ukazimia siku ambayo wateja wamezidi kidogo tu, na wakuu wakaapa kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini hesabu hiyo ni ya fundi mmoja. Mafundi 32 wanaochukua wateja kutoka foleni moja wanaweza kufika asilimia 90 na mteja asingoje sana, kwa kuwa karibu kila mara mmoja wao anamaliza. Seva za leo zina prosesa zenye viini vingi ndani yake, kila kiini ni fundi wa kujitegemea, kwa hiyo asilimia 90 ya mashine moja haina maana sawa na asilimia 90 ya nyingine. Anayenakili kiwango cha hatari kutoka mwongozo wa zamani na kukitumia kwa kila mashine anajidanganya.

Tena kuna kazi ambayo asilimia 100 ndiyo sifa yake. Seva inayokokotoa mishahara usiku, inayotengeneza nakala za akiba au inayobana mafaili haina mteja anayengoja dirishani. Ikitumia prosesa yote ikamaliza saa kumi alfajiri, imefanya ilichonunuliwa kufanya. Luiz André Barroso na Urs Hölzle wa Google walionyesha mwaka 2007 kwamba seva katika vituo vikubwa hutumia muda wao mwingi kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo, na kwamba hata seva nzuri kwa umeme hutafuna karibu nusu ya umeme wake wa juu kabisa ikiwa haifanyi chochote. Taasisi inayolipia umeme na ubaridi wa chumba cha seva inapaswa kuumizwa zaidi na asilimia tano ya mwaka mzima kuliko asilimia 100 ya saa mbili za usiku.

Wastani nao una hila yake. Seva yenye viini 16 ambayo kimoja kimekwama kwenye asilimia 100 na vingine 15 vimelala itaonyesha kiasi cha asilimia sita. Mkuu wa idara atasema mashine imepumzika, na watumiaji watasema haifunguki, na wote wawili watakuwa wakweli. Jambo hili hutokea hasa kwenye seva za mtandao: pakiti zinazoingia kupitia kadi ya mtandao zikielekezwa zote kwa kiini kimoja, hicho ndicho kinakuwa mlango mwembamba wa jumba kubwa. Tiba yake ni kugawa pakiti kati ya viini, mpangilio ambao kadi nyingi za seva zinauwezesha bila kununua kitu. Lakini tiba hiyo haiwezi kumjia kichwani mtu anayetazama wastani peke yake. Ni lazima afungue mchanganuo wa kila kiini.

Wapo pia wanaochanganya asilimia ya prosesa na wastani wa mzigo, zile namba tatu ambazo Linux huonyesha kwa dakika moja, tano na 15. Tangu mwaka 1993 Linux huhesabu humo hata programu zilizozuiwa zikisubiri diski. Mzigo wa 40 unaweza kutokea wakati prosesa iko karibu bure kabisa, kwa sababu diski moja inakufa polepole na programu 40 zimepanga foleni mbele yake. Anayenunua prosesa hapo amenunua cherehani wakati kilichokwisha ni uzi.

Na wakati mwingine hata ile asilimia 90 iliyo wazi si kazi. Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa kompyuta aliyekuwa Netflix, alieleza mwaka 2017 kwamba sehemu kubwa ya muda unaoandikwa kuwa wa kazi huenda ni wa prosesa kusubiri data itoke kwenye kumbukumbu. Safari moja hadi kwenye kumbukumbu kuu huchukua takribani nanosekunde 100, muda ambao prosesa ya kisasa ingeweza kupiga hatua mia kadhaa. Saa ya mfumo haioni tofauti. Inaandika kwamba kulikuwa na shughuli. Kwa waliokodi seva pepe, zile zinazogawana mashine moja na wapangaji wengine, kuna safu ndogo inayoitwa muda ulioibwa. Ikipanda, maana yake jirani ndiye anayekula, na mpangaji anapaswa kumpigia mwenye nyumba kabla ya kujilaumu.

Namba ndogo nayo si cheti cha afya. Mwezi Februari 2018 kampuni ya usalama ya RedLock ilifichua kwamba wavamizi walikuwa wameingia kwenye mitambo ya kukodi ya Tesla na kuitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Waliipanga programu yao itumie prosesa kidogo, makusudi, ili asishtuke mtu. Aliyekuwa akisubiri asilimia 98 ndipo atazame angesubiri sana.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, ambao wananchi hupata huduma za serikali kupitia kwake, ulishambuliwa. Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuuziba kwa kuutumia maombi mengi kuliko ya kawaida. Wageni waliokwama bila viza ya mtandaoni iliwabidi wapewe viza wanapofika. Kwa shambulio la aina hiyo, kuwasha upya seva ni sawa na kufunga duka na kulifungua tena huku kundi lile lile limesimama mlangoni. Kinachohitajika ni kujua maombi yanatoka wapi na kuyachuja kabla hayajagusa prosesa, na ujuzi huo hauji bila mtu kusoma kumbukumbu za seva kila siku, siku za amani zikiwemo.

Fundi asiyejua asilimia ya kawaida ya seva yake Jumatatu saa nne asubuhi hawezi kujua kama 70 ya leo ni homa au ni Jumatatu. Kujua hilo hakuhitaji fedha: programu ya sar, inayoandika hali ya prosesa kila baada ya dakika kumi, ni ya bure na imekuwapo katika Linux kwa miaka mingi. Inahitaji mtu aliyepewa muda wa kuisoma, na mkuu anayemuuliza imesema nini.

Wakuu wa taasisi ndio wenye kalamu. Likija dokezo la kuomba seva mpya, waombe karatasi mbili zaidi. Ya kwanza ionyeshe mwenendo wa prosesa kwa wiki nne, kiini kwa kiini, pamoja na muda ambao mteja alingoja. Ya pili itaje programu iliyokula muda huo na kueleza kwa nini. Karatasi hizo zikithibitisha kwamba mashine imezidiwa, fedha zitolewe bila kuchelewa. Zisipokuwapo, dokezo lirudishwe kwa mwandishi wake bila sahihi.